Mkono wa breki ya mbele unabonyea kama sifongo?
Kwa pikipiki kuukuu yenye breki ya diski: umeshatoa upepo kwenye breki mara tatu na mkono bado unabonyea hadi karibu na usukani? Usikimbilie kununua silinda ya breki. Geuza usukani ili kikopo cha oili ya breki kiwe juu kabisa, vuta mkono, ufunge kwa kipande cha tyubu, uache hadi asubuhi. Ukifungua, upigepige mkono taratibu. Utaona vipovu vidogo vikichomoza kwenye kikopo.

Mkono ukigoma kukaza, shika paipu ya mpira ya breki kwa vidole huku mwenzako akivuta breki. Ikivimba, imechoka, ibadilishe tu. (Mimi nilihangaika wiki nzima kabla sijafikiria kuishika!) Oili ikidondokea tangi, mwagia maji upesi, inakula rangi.