Namna ya kulinda zamiri yako wakati politike inagawa batu mpaka ndani ya shirika

Tangu M23, lile kundi ya waasi, iliingia Goma, huku kwetu mashariki ya Congo, mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, kuko swali moja inatembea mu kila shirika ya bakristo ata kama hakuna mutu anaisema kwa sauti: wewe uko upande gani? Mutu anaombea amani, bengine banasikiliza tu ametaja nani na ameacha nani. Kuwa na mawazo ya politike si zambi, ndugu zangu, nayo ni ya raia. Zambi inaingia pale unaacha kundi ichague kwa nafasi yako nani wa kuchukia.

Anzia ku telefone, juu njo mahali bengi tunaangukia. Odio inaingia usiku, sauti haumujui, inasema batu ba kabila fulani njo bameuza muji, inataja na avenue yenye banaishi, na kidole inakuwasha uitume. Ngoja kwanza. Nani anasema? Alikuwa pale? Na kesho bakimuua ule jirani juu ya ile odio, nitajibu Mungu nini? Kitabu ya Kutoka, sura ya 23, inakataza kuvumisha habari za uongo, na pale pale mustari wa pili inakataza kufuata kundi katika kutenda uovu, ile mistari mbili muisome pamoja, ni kama iliandikiwa sisi huku Kivu. Kama hauna hakika ikomee kwako. Na kama ni mama wa shirika njo ametuma, usimuhaibishe mu grupu, mupigie: "Mama, ile habari tuitoe, inaweza kuleta damu." Mu maneno yako pia sema "huyu alifanya hivi", usiseme "bale bote njo vile bako". Hakuna mutu alichagua tumbo ya kumuzaa.

Ya pili, na hapa nataka tukae kidogo: amua mbele ya wakati, ungali na roho tulivu, mukono yako itakataa nini. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa hapa hapa Goma, alitumika OCC, ile biro inachunguza bidhaa ku mpaka. Mu 2007 balimuletea feza ili apitishe chakula yenye iliharibika, akakataa, bakamuteka na kumuua mwezi wa saba, alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 Kanisa ilimutangaza mwenyeheri kule Roma. Hakuwa kiongozi wa chama, zamiri ilimukuta ku kazi, mbele ya bidhaa za kila siku. Kwa hiyo jiambie leo: sitashuhudia uongo juu ya jirani, sitakula feza ya kwenda kupigia mutu makofi, sitaandika majina ya batu ku liste yenye sijui inaenda wapi. Ambia mutu mumoja au babili benye unaaminia, juu woga inashinda haraka mutu mwenye iko peke yake.

Lakini haukulazimishwa kupiga kelele kila siku. Kunyamaza ili batoto balale salama si uongo, Yesu mwenyewe hakumujibu Herode neno. Kusema uongo ili upendeze mwenye nguvu, ile njo ingine.

Pasteri ao padri akikuambia Mungu iko na chama, musikilize kwa heshima, kisha umuendee nyumbani na muzee mumoja. Akileta Warumi 13, ile ya kutii benye mamlaka, musome pamoja na Matendo 5:29, ile ya kutii Mungu kuliko batu. Muzee Munzihirwa, askofu mukuu wa Bukavu, alitetea batu bake na akatetea na bakimbizi ba Rwanda benye bengi hawakutaka kusikia habari yao, bakamuua tarehe 29 mwezi wa kumi 1996. Na maaskofu Bakatolika ba CENCO na bandugu Baprotestanti ba ECC, wakati bamekuja Goma 2025 kuongea na M23, batu bengi balibakasirikia sana. Mimi naona balifanya kazi ya mutumishi wa Mungu.

Na kama mumeshagombana na ndugu? Mathayo 5:23-24 inasema uache sadaka kwanza. Enda kwake mbele ya siku ya Mungu, ni kusema jumapili, usibebe tena ile mabishano. Usiombe musamaha juu ya mawazo yako kama ungali unaiamini, omba juu ya tusi. Akikataa kukupokea, rudia juma ingine.