Jinsi ya kutenganisha foklifti na watu wa miguu ghalani

Juzi nilimsaidia supavaiza mmoja hapa Malindi kupanga upya ghala linalopokea magunia ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni. Hatua tulizofuata kutenganisha watu na foklifti, yaani mashine ya kuinua na kubeba mizigo, ni hizi.

1. Zunguka ghala kazi ikiwa imepamba moto. Angalia watu wanapita wapi hasa: vibarua, tanboi (wasaidizi wa dereva) wa malori, mama anayeleta mahamri na mbaazi saa nne. Chora njia hizo kwenye karatasi.

2. Weka vizuizi. Rangi ya manjano sakafuni peke yake siitaki: chumvi na magurudumu huila, na hata ikiwa mpya haimzuii mtu. Tumia vyuma, au mapipa yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa mnyororo. Mlango wa miguu uwe mbali na wa mashine.

3. Fundisha watu kuogopa mkia, yaani sehemu ya nyuma ya foklifti. Hapa usiharakishe. Kila mtu huogopa meno, vile vyuma viwili vya mbele vinavyoinua mzigo, kisha akasimama ubavuni akidhani amesalimika. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Dereva akiingia kushoto, ule uzito wa nyuma unaosawazisha mzigo hufyatuka kwenda kulia, na aliye kati yake na rundo la magunia hana pa kukimbilia. Mashine ya kubeba tani 3 yenyewe huzidi tani 4.

Maneno hayatoshi, onyesha. Panga maboksi matupu karibu na mkia, watu wote wakae nyuma ya kizuizi, dereva akate kona. Wakiona maboksi yanavyosombwa wataelewa. Rudia kila wanapokuja vibarua wapya, maana leo huyu, kesho yule, na yule wa kesho naye ana watoto wanaomngoja nyumbani.

Tanboi apewe mahali pake nyuma ya kizuizi, asitoke mpaka meno yashuke chini na dereva ainue mkono. Kama hamjatazamana macho na dereva, usivuke. Mlio wa rivasi usiutegemee. Chini ya mabati unarudi kutoka kila upande, na masikio huuzoea. Mimi napendelea taa ya buluu inayomulika sakafu, ila mlangoni penye jua haionekani. Hapo mlangoni ndipo pa hatari zaidi: dereva anayetoka kwenye jua la saa saba na kuingia kivulini haoni kitu kwa muda. Asimame, apige honi, asubiri macho yazoee, ndipo aingie.

4. Mashine ikitembea, meno yawe kama sentimita 15 kutoka chini. Mzigo ukiziba macho, aende kinyumenyume. Asipite mtu chini ya meno yaliyoinuliwa, hata kama hayana kitu.

5. Dereva awe aliyefunzwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mafunzo. Akishuka: meno chini, breki ya mkono, injini izimwe, na funguo apewe supavaiza. Zisiachwe kwenye mashine, hata kwa dakika ya kunywa chai.