Kuandika kanuni za tawi la wataalamu wa maabara: anza na aliye peke yake kituoni

Kanuni nyingi za matawi huandikwa na watu wa hospitali kubwa, kwa sababu ndio wanaokutana kwa urahisi. Hapa Mbeya mjini unaweza kuwapata wenzako jioni moja tu: wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, wa kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na wa maabara binafsi za Mwanjelwa na Soweto. Mwenzetu aliye kituo cha afya huko Chunya au milimani Rungwe yuko peke yake. Akifunga maabara aje kikaoni, siku hiyo hakuna wa kusoma slaidi wala wa kupima wingi wa damu wa mama mjamzito.

Nimeshika ukatibu wa tawi Nyanda za Juu Kusini, na ombi langu kwako unayeandaa rasimu ni moja: kila kifungu kipime kwa mtu huyo.

Hatua ya 1: Tenganisha chama, Baraza na Bodi

Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya linatokana na sheria ya mwaka 2007. Ndilo linalosajili wataalamu na kushughulikia makosa ya kitaaluma. Bodi ya Maabara Binafsi za Afya inatokana na sheria ya mwaka 1997, na inasimamia maabara binafsi zenyewe. Chama ni cha hiari: kinawasemea wanataaluma, kinawaendeleza na kuwasaidia wakati wa shida.

Kwa hiyo futa sentensi yoyote inayosema chama "kitamfutia mtu usajili" au "kitamzuia kufanya kazi" kwa kutolipa ada. Huna mamlaka hayo, na sentensi ya namna hiyo inawatisha vijana wapya wasijiunge kabisa.

Hatua ya 2: Amua kama ni tawi au chama kipya

Kama ni tawi la chama cha kitaifa cha wataalamu wa maabara, MeLSAT, omba kwanza nakala ya katiba yake inayotumika sasa. Kanuni zako zinakaa chini yake, na kinachopingana nayo hakina nguvu hata kikipigiwa makofi ukumbini. Chama kipya kabisa, chenye watu kumi au zaidi, kinaingia kwenye Sheria ya Vyama, Sura ya 337, na usajili wake uko kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mimi nashauri tawi. Taaluma yetu ni ndogo, tukigawanyika hatusikiki.

Kisha taja eneo la tawi kwa majina ya halmashauri, usiishie kwenye jina la mkoa. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, na bado zipo karatasi za zamani zinazowahesabu watu wa Mbozi na Ileje kuwa wa Mbeya. Mwanachama wa Ileje asipojua analipa ada wapi, hatalipa popote.

Hatua ya 3: Andika nani ni mwanachama

Hapa usiwe na haraka. Kifungu ninachokipendekeza ni hiki:

*"Mwanachama kamili ni mtaalamu wa maabara anayetambuliwa na Baraza, awe na cheti, stashahada au shahada, anayeishi au kufanya kazi ndani ya eneo la tawi, na aliyejaza fomu ya kujiunga. Mwanachama kamili aliyelipa ada ya mwaka husika ni mwanachama hai, na ana haki ya kupiga na kupigiwa kura."*

Utasikia hoja kwamba wenye cheti wawe "washiriki" wasio na kura. Ikatae. Katika vituo vingi vya vijijini wao ndio maabara yenyewe, na ukiwanyima kura umeondoa sauti ya vituo hivyo kwa mstari mmoja. Wanafunzi wahudhurie na kuchangia mjadala bila kura, mpaka watambuliwe na Baraza. Wastaafu walipe nusu ya ada na kura yao ibaki.

Angalia pia kwamba nimetenganisha mwanachama na mwanachama hai. Aliyechelewa kulipa anabaki mwanachama. Kinachosimama ni kura yake. Weka tarehe: ada inatakiwa kufikia tarehe 31 Machi, na jina halitolewi daftarini mpaka mhusika apewe taarifa ya maandishi na muda wa kujibu. Fedha ziingie kwenye akaunti au lipa namba ya tawi, kamwe zisiende kwenye simu ya mhazini, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mhazini atoe stakabadhi na kuandika malipo siku hiyohiyo, kwa sababu daftari hilo ndilo litakaloamua uchaguzi na akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayohalalisha mkutano.

Hatua ya 4: Pigia hesabu akidi kabla ya kuiandika

Tuchukulie tawi lina majina 120 daftarini, na walio hai ni 75. Ukiandika kwamba akidi ni nusu ya wanachama wote, unahitaji watu 60 ukumbini, yaani karibu wote waliolipa. Hutawapata. Mkutano utaahirishwa, na wa pili vilevile, mpaka watu wachoke na viongozi wakae madarakani bila kuchaguliwa tena.

Ukiandika theluthi moja ya wanachama hai, unahitaji 25. Hao wanapatikana, ila wote wanaweza kutoka Jiji la Mbeya peke yake. Kwa hiyo ongeza sharti la pili. Mkoa wa Mbeya una halmashauri saba, na kifungu kinaweza kusomeka hivi:

*"Akidi ya Mkutano Mkuu ni theluthi moja ya wanachama hai, wakiwemo wanachama kutoka halmashauri zisizopungua nne, walio ukumbini au waliowakilishwa kwa maandishi."*

Maneno ya mwisho ndiyo yanayomfikia yule aliye peke yake. Mruhusu amwandikie mwenzake barua ya uwakilishi inayotaja ajenda na msimamo wake. Mtu mmoja asibebe barua zaidi ya mbili, la sivyo mkutano wote utaingia mfukoni mwa mtu mmoja. Kura ya kuwachagua viongozi iwe ya siri: kila halmashauri iwe na mjumbe anayepokea bahasha zilizofungwa, na zifunguliwe ukumbini mbele ya wote. Kundi la WhatsApp linafaa kwa taarifa na majadiliano. Kwa kura ya siri halifai, kwa kuwa kila mtu anamwona kila mtu.

Taarifa ya mkutano itoke siku 30 kabla, pamoja na ajenda. Ratiba ya zamu hupangwa kwa mwezi, na mganga mfawidhi anahitaji nafasi ya kutafuta mtu wa kushika maabara.

Kuhusu tarehe, wengi hupenda kuunganisha Mkutano Mkuu na siku ya kimataifa ya wataalamu wa maabara, 15 Aprili. Nawaelewa, ni siku yetu. Lakini Aprili huku kwetu mvua bado ipo, na barabara nyingi za vijijini ni tope. Sherehekeeni Aprili kila mtu alipo, mkutano uwe kati ya Juni na Septemba, katikati ya mwezi, ripoti za MTUHA, zile za mwezi za takwimu za huduma za afya, zikiwa zimeshapelekwa.

Hatua ya 5: Uongozi

Miaka mitatu, vipindi visivyozidi viwili. Mwenyekiti, katibu na mhazini wasitoke kituo kimoja. Mratibu wa maabara wa wilaya anaweza kugombea, ila asisimamie uchaguzi wala kupokea bahasha: ndiye anayekagua maabara za wapiga kura wake, na wapo watakaoogopa kumnyima kura.

Hatua ya 6: Nidhamu

Malalamiko yawe ya maandishi, mlalamikiwa apewe siku 21 kujibu, na wanaomsikiliza wasiwe wa kituo chake. Adhabu ya juu ni kumwondoa kwenye uanachama, naye awe na haki ya kukata rufaa kwenye Mkutano Mkuu. Tuhuma za majibu ya kughushi au kufanya kazi bila usajili zipelekwe kwenye Baraza, tawi lisizichunguze lenyewe.

Hatua ya 7: Pitisha, kisha tunza

Marekebisho yapite kwa theluthi mbili ya kura zilizopigwa, na maneno yanayopendekezwa yatumwe pamoja na taarifa ya mkutano, ili asiyekuja ayajue kabla ya kuandika barua yake ya uwakilishi.

Nyaraka zitunzwe kama tunavyotunza taratibu za upimaji chini ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba: namba ya toleo, tarehe ya kuanza kutumika, sahihi ya mwenyekiti na katibu, na tarehe ya kupitiwa tena. Chapa nakala ya karatasi kwa kila mjumbe wa halmashauri, maana si kila kituo kina mtandao wa uhakika. Toleo jipya likifika, mjumbe arudishe la zamani kwa katibu na kusaini kwamba amepokea jipya.