Namna ya Kutunza Visigino Visipasuke Magaga

Wengi huyachukulia magaga kuwa dalili ya uchafu, na mwenye nayo huona haya kuvua viatu mbele za watu. Lawama hiyo si ya haki. Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta, hivyo hukauka upesi isipopakwa kitu. Anayeshinda amesimama kwenye sakafu ya saruji, sokoni au jikoni, huku amevaa kandambili zisizoshika nyuma, kisigino chake hutanuka pembeni kila anapokanyaga. Ngozi hujihami kwa kuwa nene, na ikishakuwa nene na kavu, hupasuka.

Kila jioni osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Mara mbili au tatu kwa wiki iloweke kwa dakika 10 hadi 15, kisha sugua visigino taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, ukiacha kabla ngozi haijaanza kuwasha. Usikate ngozi kwa wembe. Nalisisitiza hili kwa sababu nyumba nyingi zimelizoea, ilhali mkato mdogo tu unatosha kuingiza vijidudu, na wembe ukitumiwa na watu wawili unaweza kuambukiza virusi vya homa ya ini au UKIMWI.

Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, maana unyevu ukibaki hapo fangasi hustawi. Kisha, kabla kisigino hakijakauka kabisa, kipake mafuta mazito ili yafungie ndani maji yaliyokwisha kuingia. Krimu yenye urea, inayouzwa katika maduka ya dawa, hulainisha ngozi ngumu kuliko mafuta ya kawaida. Asiyeipata atumie vaselini, avae soksi za pamba, alale nazo. Usipake mafuta katikati ya vidole. Usikate tamaa siku ya tatu, kwani ngozi iliyojijenga kwa miezi huhitaji majuma kadhaa kulainika.

Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni. Viatu vinunuliwe jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na viwe vimefunga kisigino.

Mwenye kisukari ana utaratibu wake. Kwa kuwa miguu yake yaweza kuwa na ganzi, hukanyaga msumari asijue. Kwa hiyo aitazame kila siku, nyayo azione kwa kioo au atazamiwe na mtu wa nyumbani, apime joto la maji kwa kiwiko, asiiloweke wala kujisugua kwa jiwe, na asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Akiona ufa unaotoa damu au usaha, uvimbe, au ngozi iliyobadilika rangi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu yoyote.