Jinsi ya kushtukia mapema demokrasia inapobomolewa

Watu wengi wanasubiri waone vifaru barabarani ndo waseme demokrasia imekufa, na hapo ndo tunapopigwa bao, maana siku hizi anayeiua mara nyingi ni mtu aliyechaguliwa kihalali kabisa na anaiua kwa sheria zilizopita bungeni. Kwa hiyo usiangalie uchaguzi peke yake, angalia marefa, yani mahakama, tume ya uchaguzi, waandishi wa habari na mkaguzi wa hesabu za serikali.

Chukua Hungaria. Mwaka 2010 chama cha Viktor Orbán, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka huo, kilipata kama asilimia 53 ya kura ila kikaondoka na theluthi mbili ya viti, alafu 2011 wakapitisha katiba mpya bila kuungwa mkono na wapinzani na umri wa majaji kustaafu ukashushwa kutoka 70 hadi 62, majaji wengi wakatoka kwa mpigo. Hakuna risasi hata moja, ukisoma haraka unaona ni mambo ya utumishi tu! Ndo maana mswada unaogusa nani anateua majaji au nani anakaa kwenye tume usome wewe mwenyewe, hotuba za majukwaani ziache kwanza. Ukishausoma jiulize: haya mamlaka ningekubali apewe yule mwanasiasa nisiyemtaka kabisa? Kama jibu ni hapana basi yapinge, hata kama leo yanamnufaisha mtu wako. Hapa ndo wengi tunashindwa na mimi naona ndo penye kazi yenyewe.

Sikiliza na lugha pia. Kiongozi akianza kusema yeye ndo sauti ya wananchi halisi na wanaompinga ni wasaliti au vibaraka, shtuka. Nchi ina watu wa dini, lugha na maslahi tofauti, haiwezi kuwa na sauti moja, na serikali isiyopingwa haina wa kuiambia imekosea wapi. Halafu kuwa wengi hakudumu, leo mko wengi kesho mnajikuta wachache, mtaihitaji ile haki mliyowanyima wenzenu.

Kwenye mabishano, kabla hujajibu rudia hoja ya mwenzako mpaka akubali kwamba ndicho alichosema. Hulazimiki kukubaliana nae. Anayehamasisha watu wapigwe huyo hana hoja ya kurudia, mripoti.

Na usikate tamaa, marefa wakiwa imara kuilinda demokrasia inawezekana. Kenya Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais Septemba 2017, Malawi nayo ikafuta wa kwao Februari 2020 baada ya watu kuandamana miezi kadhaa, uliporudiwa Juni Lazarus Chakwera wa upinzani akashinda. Sasa siku hukumu ikiumiza upande wako, soma kwanza sababu walizoandika majaji kabla hujasema wamehongwa.