Usichume parachichi kabla halijajaa mafuta

Mnunuzi akisimamisha gari kando ya barabara ya Tukuyu, mti mzima huvunwa siku hiyohiyo, makubwa kwa madogo. Naelewa, ada ya shule haisubiri. Lakini parachichi lililochumwa changa limekosa kile kinacholipa thamani yake mezani na sokoni: mafuta.

Gramu 100 za parachichi lililokomaa zina takribani gramu 15 za mafuta. Mengi ni ya aina inayosaidia kushusha lehemu (kolesteroli) mbaya mwilini, ukiyala badala ya mafuta ya wanyama. Zina pia nyuzinyuzi karibu gramu 7 za kulainisha choo, na madini ya potasiamu mengi kuliko ndizi mbivu. Tena mafuta hayo huusaidia mwili kufyonza viini vya vitamini A vilivyomo kwenye karoti na majani ya maboga. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee kipande, umchanganyie kwenye uji wake.

Mafuta hayo huongezeka tunda likiwa bado mtini. Parachichi hukomaa mtini, ila kuiva huiva baada ya kuchumwa, ndiyo maana ukilitazama kwa macho tu linakudanganya. Chuma machache ya ukubwa tofauti, pasua moja. Ngozi ya kokwa ikiwa nyeupe na nene, bado. Ikiwa ya kahawia, kavu, nyembamba kama karatasi, limekomaa. Yaliyobaki yaweke ndani wiki moja hadi mbili: yakisinyaa na kunepa kama mpira, subiri, yakilainika sawasawa, anza kuvuna.

Kata kwa mkasi, uache kikonyo kifupi, kwa sababu likinyofolewa kidonda kile ndicho mlango wa kuoza. Lililoanguka chini usilichanganye na la sokoni.

Wapo wanaochemsha majani yake kutibu presha. Nawasihi, msiache dawa za hospitali kwa ajili hiyo. Mgonjwa wa figo naye amuulize daktari kwanza kabla ya kula tunda lenyewe, kwa sababu ya potasiamu.

Na matawi mnayopogoa msiwatupie mbuzi, sungura wala ng'ombe wa maziwa. Majani yana sumu iitwayo persini. Huvimbisha kiwele na kukata maziwa, ikizidi hudhuru moyo. Yafukieni kwenye shimo la mboji, mbali na zizi.