Choo Kimeziba Katika Nyumba ya Kupanga: Nani Amlipe Fundi?

Bomba la majitaka linapoziba katika ploti yenye wapangaji wengi, ugomvi huanza kabla fundi hajafika, na mara nyingi lawama humwangukia mpangaji wa chini kabisa kwa kuwa maji machafu yameibukia bafuni mwake. Hilo si ushahidi wa kosa lake. Maji ya ghorofa zote hupita hapo, nayo yakikosa njia hupanda kupitia tundu lililo chini kuliko mengine. Kabla ya kubishana juu ya malipo, basi, fahamuni kwanza bomba limeziba wapi na limezibwa na nini.

Ili kujua mahali, funueni chemba inayopokea maji kutoka nyumba yako. Ukimwaga maji chooni yakabaki yamejaa, na chemba isipate hata tone, tatizo liko kati ya choo na chemba hiyo. Chemba ikiwa imefurika, tatizo liko mbele yake, kwenye bomba la pamoja. Anayeishi ghorofani aulize pia majirani wa juu na wa chini yake, kwa sababu bomba la wima nalo ni la pamoja.

Kuhusu bomba la pamoja, sheria ya Kenya iko wazi. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba pale ambapo ni sehemu tu ya jengo iliyopangishwa, mwenye nyumba ana wajibu wa kutunza paa, kuta za nje, mabomba makuu ya majitaka na sehemu zinazotumiwa na wote, na sharti hilo huhesabiwa kuwa limo hata katika mkataba usiolitaja. Kwa maoni yangu, ile desturi ya msimamizi kupita mlango kwa mlango akikusanya mchango wa kuzibua chemba haipaswi kuwa hatua ya kwanza. Hata nepi ikivutwa kutoka humo, katika ploti yenye watoto kila nyumba, nani atathibitisha ni ya nani?

Ndani ya nyumba yako mambo hubadilika. Kiwiko cha chini ya sinki kikijaa mafuta yaliyoganda, makombo ya ugali na majivu ya kusugulia sufuria, gharama ni yako, na vivyo hivyo sodo au kitambaa kikipatikana katika bomba la choo chako peke yako. Lakini fundi akitoa mizizi ya mti, au akaonyesha kwamba bomba limepasuka, limebonyea au lililazwa bila mteremko wa kutosha, huo ni ubovu wa jengo, na mpangaji hahusiki hata kama ubovu huo uko chini ya sakafu yake.

Kwa hiyo fundi asifanye kazi bila mashahidi. Mwenye nyumba au msimamizi awepo, kinachotolewa kipigwe picha kabla hakijatupwa, na fundi aandike kwenye risiti alichokikuta na mahali alipokikuta. Taarifa yenyewe itumwe kwa maandishi siku ileile, kwa mfano: “Habari za asubuhi, Mzee. Choo cha nyumba namba 4 kimeziba tangu jana jioni na chemba ya nyuma ya ngazi imefurika. Picha nimekutumia. Naomba fundi aje leo.” Asipojibu na ukalazimika kumwita fundi mwenyewe, mjulishe bei kabla kazi haijaanza.

Usikate fedha hizo kwenye kodi bila yeye kukubali kwa maandishi, kwani kodi pungufu huhesabiwa kuwa deni, na deni la kodi linaweza kukuletea dalali mlangoni hata kama una haki katika suala la choo. Subira hiyo inaudhi, najua, hasa maji yanaponuka sebuleni.

Unapohama, kagueni pamoja mabomba na muandike hali yake. Mwenye nyumba akizuia amana yako kwa madai ya bomba ambalo risiti inaonyesha lilikuwa bovu, unaweza kuidai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.